Usimnyoe koli wako kwa sababu ya joto

Dada yangu, umeuliza kama umnyoe mbwa wako wa aina ya koli kwa kuwa anahema sana mchana. Nakusihi usimnyoe. Mbwa hawa wachunga kondoo wa asili ya Scotland wana manyoya ya tabaka mbili, la juu refu na gumu, la chini laini kama pamba, na yote mawili humkinga na baridi na hata jua kali. Ukiyanyoa, huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Kinachomzidishia joto ni manyoya yaliyokufa ya tabaka la chini, basi mchane mara mbili kwa wiki hadi kwenye ngozi, hasa nyuma ya masikio, ambako wangu nilimkuta na fundo la ukubwa wa ndimu, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu na yenye majimaji. Linalonitia hofu zaidi ni ivamektini, dawa ya minyoo inayotumika pia kwa ng'ombe. Makoli wengi hurithi kasoro ya jeni ya MDR1 inayoiachia dawa hiyo njia ya kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo usikubali kabisa achomwe sindano ya minyoo ya ng'ombe, na kabla ya dawa yoyote mpya mkumbushe daktari wa mifugo kwamba huyu ni koli.