Kabla ya kufuli, panda ngazi uangalie juu ya dari

Usilipe hiyo kodi kwanza. Umeandika kwamba umepata fremu ya kuuzia simu Mwanga, mjini Kigoma, ya katikati, ina majirani kushoto na kulia, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Unauliza ununue kufuli gani, kamera ni lazima au la, mlinzi umweke peke yako au mchange na wenzako, na bima inasaidia nini. Nimekusoma vizuri. Kilichonishtua ni yale maneno ya dalali wako: "Fremu ya katikati haiibiwi, mwizi atapitia wapi?" Sisi tuliambiwa hivyohivyo, Mwanga hiyohiyo.

Mwizi anapita juu. Fremu nyingi za mjini kwetu zimejengwa kwa mstari chini ya paa moja, na ukuta unaogawa fremu na fremu unaishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni kenchi na papi tu, yaani mbao zinazobeba paa. Mwenye nyumba kabana tofali, kisha kafunika kwa dari la jipsamu. Mpangaji akiingia anaona weupe na taa, anafurahi. Juu ya huo weupe, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, ni ukumbi mmoja mrefu. Maana yake hata uwe na mlango wa namna gani, mlango wako halisi ni ule ulio dhaifu kuliko yote katika jengo zima, na ufunguo wake anao mtu mwingine.

Sisi tulikuwa na mlango wa chuma, geti la nondo kwa ndani, na kufuli nzito zilizofunikwa kwa bati nene ili mkasi usifike. Fremu ya pembeni ilikuwa saluni iliyokwisha kufungwa, mlango wa mbao, ndani hamna kitu. Waliingilia huko. Wakapanda, wakapita juu ya maduka ya watu wakikanyaga kenchi, wakashukia stoo kwetu kupitia lile tundu ambalo fundi umeme huliacha darini na kulifunika kwa kipande cha bodi. Ulikuwa usiku wa mvua, na unaijua mvua yetu ya Novemba mpaka Aprili inavyopiga bati. Mlinzi alikuwa macho barazani, hakusikia chochote. Simu zote zilitoka, pamoja na vitenge vya Kongo vilivyokuwa bado kwenye marobota. Walipomaliza wakarudisha kile kifuniko mahali pake.

Hapo ndipo penye hasara yenyewe, ndiyo maana nakuandikia kirefu hivi. Asubuhi kufuli zote nzima. Geti zima. Ukuta mzima. Askari wakauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ufunguo analala nao nani? Alikuwa nao mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana aliyeacha kilimo Kasulu kuja kutuuzia duka. Akawekwa ndani kwa tuhuma ya wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Kuvunja duka na kuiba ni kosa jingine, lina kifungu chake, cha 296, lakini utasemaje duka limevunjwa wakati hakuna kilichovunjika? Ukoo ukagawanyika. Dada yangu alikaa muda mrefu hapokei simu ya mtu yeyote upande wetu. Ukweli ulikuja kujulikana pale duka jingine kwenye mstari uleule lilipoingiliwa na dari likabomokea ndani na mtu juu yake. Simu zinaweza kununuliwa tena. Yule kijana hakurudi dukani na sitamlaumu.

Sasa huyo dalali. Amepangisha fremu hizo kwa watu wangapi? Fundi aliyejenga anajua ukuta umeishia wapi, mwenye nyumba anajua kwa sababu ndiye aliyekataa kununua tofali za kumalizia, na dalali ameshaona wapangaji wakilia. Wote wananyamaza mpaka kodi ilipwe. Huo ni ukatili, nasema wazi.

Kwa hiyo kesho nenda na ngazi na tochi. Fungua tundu la umeme, chungulia. Wakikukatalia kupanda, simama ndani milango imefungwa usikilize: ukisikia redio ya jirani kana kwamba iko kaunta kwako, au harufu ya chipsi za fremu ya tatu inakufikia, juu kuko wazi. Dai ukuta upandishwe kwa tofali pande zote mbili mpaka kwenye bati, na nafasi kati ya papi na papi zizibwe kwa saruji. Gharama ikatwe kwenye kodi na iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa shilingi. Akikataa kujenga, weka grili chini ya dari, upana wote wa fremu, stoo isiachwe: nondo za milimita 12, nafasi isizidi sentimita 12, ncha zizamishwe ukutani. Fundi wa kuchomelea akikwambia ataifunga kwa skrubu kwenye mbao za dari, mtafute mwingine. Mbao hizo mtu mmoja anazing'oa kwa mtaimbo. Akikataa hata grili, achana na fremu hiyo, zipo nyingine Gungu na Katubuka.

Bima umeuliza. Mikataba ya bima ya wizi kwa kawaida inataka alama za kuvunja, kwa hiyo wezi wakirudisha kifuniko mahali pake kama kwetu, huna alama ya kuwaonyesha. Na kwa kuwa utauza simu, kila inapoingia andika namba yake ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu yenyewe, kwenye daftari linalolala nyumbani. Boksi lina namba hiyo, ila mwizi hubeba na boksi. Kwa simu iliyowashwa utaipata kwa kubonyeza *#06#.

Kufuli chukua yoyote ngumu. Ukishachungulia, rudi hapa useme ukuta umeishia wapi, na kama dari lina tundu zaidi ya moja litaje pia.