Rangi ya Gram: kabla ya kulaumu asetoni, uliza umri wa koloni

Jumatatu moja ya masika, nikiwa bado mgeni kwenye benchi la bakteria katika maabara moja hapa Dar, niliandika bila wasiwasi wowote: fimbo, Gram hasi. Kwenye rangi ya Gram bakteria hupakwa zambarau, kisha spiriti au asetoni hujaribu kuiondoa: Gram chanya hubaki nayo, Gram hasi huipoteza na kuchukua waridi. Mimi niliona fimbo za waridi, kutoka kwenye koloni, yaani kijilundo cha bakteria kilichoota kwenye sahani. Dada aliyekuwa akinisimamia akachungulia hadubini, akanyamaza, kisha akauliza: "Hii sahani iliingia inkubeta lini, mdogo wangu?"

Ijumaa.

"Haya, rudi uangalie tena."

Katikati ya zile fimbo za waridi kulikuwa na chache za zambarau, umbo lile lile, na ndani ya baadhi yake kijitundu kisichoshika rangi. Spora hiyo, umbo gumu ambalo bakteria hujihifadhi ndani yake. Ilikuwa Bacillus, Gram chanya wa kuzaliwa, ila amezeeka. Ukuta wa Gram chanya ni mnene, ndio unaozuia zambarau, na ayodini inayoishikiza, visitoke. Seli ikizeeka ukuta unalegea, zambarau inakimbia, safranini, rangi ya waridi, inaingia mahali pake. Tangu hapo nikiona fimbo za umbo moja zenye rangi mbili, huwa nashuku uzee kabla ya kushuku mchanganyiko wa bakteria wawili.

Kwa hiyo chukua koloni za saa 18 hadi 24, kutoka kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) isiyo na antibayotiki, maana dawa nazo huvuruga ukuta na maumbo. Kama sahani imelala wikendi nzima, otesha upya usubiri kesho. Najua daktari anapiga simu wodini. Mwambie kesho.

Kosa la pili ni uroho. Tunachota koloni nzima kama tunachota ugali! Unachohitaji ni tone dogo la salaini na koloni kidogo tu ya kugusa kwa ncha ya lupu, kile kijiti cha kuchotea, uisambaze kwenye slaidi mpaka ibaki kama ukungu. Slaidi ikikauka iweke juu ya gazeti: kama husomi maandishi yaliyo chini yake, ni nzito, tengeneza nyingine. Kwenye smia (utando huo wa bakteria) nzito asetoni haifiki chini, hata E. coli, ambaye ni Gram hasi, atakutokea zambarau. Na mwezi wa nne, kwa unyevu wa Dar, slaidi hukauka taratibu sana, ndipo mtu anashawishika kuipitisha motoni ingali mbichi. Seli zinachemka na kupasuka. Iache ikauke yenyewe, ndipo uipitishe juu ya moto mara 2 au 3, isizidi joto ambalo mgongo wa mkono unavumilia.

Kristali vayoleti (ile zambarau) dakika 1, ayodini dakika 1, mwisho safranini dakika 1. Hapo hata ukichelewa kidogo hakuna msiba. (Hans Christian Gram mwenyewe, alipoitangaza njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin, hakutumia safranini, iliongezwa baadaye na wengine.)

Pasipo msamaha ni kwenye kutoa rangi, baada ya ayodini na kabla ya safranini. Spiriti huenda polepole, asetoni tupu inamaliza kazi kwa sekunde 2 au 3, mchanganyiko wa viwili hivyo uko katikati. Wakati mmoja tuliishiwa spiriti tukahamia asetoni, mkono wangu ukaendelea kuhesabu kama zamani, na asubuhi hiyo Staphylococcus wote, ambao ni Gram chanya, wakawa waridi. Sikugundua kwa akili zangu. Niligundua kwa sababu siku hizi kila slaidi yangu ina madoa matatu: kushoto Staphylococcus aureus, kulia E. coli, sampuli katikati. Wa kushoto asipokuwa zambarau na wa kulia waridi, siandiki chochote kuhusu wa katikati, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Halafu kagua chupa. Ayodini iliyopauka kama chai ya rangi iliyoongezwa maji, imwage. Kristali vayoleti yenye mashapo ichuje, maana chembe zake zinafanana sana na kokasi (bakteria wa duara), na kuna siku nilizihesabu kabisa.

Ile Bacillus niliiotesha upya jioni ile ile. Jumanne slaidi nzima ilikuwa zambarau. Dada hakusema neno, alinisogezea tu kalamu nikate lile neno "hasi" na kuweka sahihi pembeni.