Sonona ikikushika, tafuta kazi moja ya kuanzia

Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, ukimuuliza hali atakujibu "salama tu", maana hajui aanzie wapi kueleza. Ukitaka kujua kilichompata, angalia kazi zake: nini alikuwa anakifanya bila hata kuwaza, na leo kinamshinda?

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Ugonjwa ulipoanza sikuwa nalia. Nilikuwa nampima mteja kifua, nikigeukia daftari namba imeshapotea. Nampima tena, inapotea tena. Gauni lililobaki kupindwa chini tu lilikaa mezani wiki nzima huku mwenyewe anapiga simu, na simu nimeifunika kifudifudi. Nyumbani vyombo vya usiku vinavikuta vya asubuhi. Wapo walioniita mvivu. Lakini mvivu hukimbia kazi akaifuata raha. Mimi hata sherehe ya kipaimara ya mtoto wa dada yangu sikuiweza.

Hali kama hiyo ikikuandama karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, nenda hospitali. Hapa kwetu Mawenzi na KCMC zote zina huduma ya afya ya akili. Ukifika, usiishie kusema unajisikia vibaya. Eleza usingizi unakatika saa ngapi, chakula kinapita au hakipiti, na kazi ipi imekushinda. Kuna dodoso la maswali 9 linalotumika sana, na mwishoni huulizwa shida hizo zimekukwamisha kiasi gani kazini, nyumbani na katika kuishi na watu. Kwangu swali hilo la mwisho lilifaa kuliko yote, kwa sababu humo ndimo mimi na mshauri wa hospitalini tulimopata malengo.

Nilisema nataka kurudi kazini. Mshauri akaona ni kubwa mno, tukalipunguza: saa 3 asubuhi niwe nimefungua, nipinde lile gauni, basi. Nikimaliza, ruksa kurudi kulala. Lengo zuri ni lile unaloliweza hata siku yako mbaya kabisa, lenye saa yake na mahali pake. Wala usisubiri hamu. Katika ugonjwa huu mikono hutangulia, hamu hufuata nyuma, tena kwa kuchelewa. Vipimo vya wateja nikawa navitaja kwa sauti, binti ninayemfundisha kazi anaandika. Jioni natembea hadi barabara ya Rau na kurudi.

Ukiandikiwa dawa, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na ukishapata nafuu bado utaendelea nazo kwa miezi. Usiziache bila kuongea na daktari.

Ninyi wa nyumbani, "jikaze" haisaidii. Dada yangu alikuwa anafika, anavua kitenge cha begani, ananiambia, "Mdogo wangu, wewe suuza, mimi nasugua." Hanihubirii. Tulikuwa tunamaliza beseni zima hatujazungumza lolote, na siku hiyo nakuwa nimefanya kitu.

Na mgonjwa akianza kusema afadhali afe, msilichukulie kama maneno ya hasira. Asiachwe peke yake, dawa za shambani na vidonge viondolewe karibu naye, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kama ni wewe unayewaza hivyo, kagonge kwa jirani sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, umwambie.