Shangazi nisaidie: mke wangu anazuia safari yangu ya kuizunguka dunia

*Hujambo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Umoja na mke wangu na watoto wawili, mmoja yuko Gredi ya 4 na mwingine chekechea. Nafanya kazi Eneo la Viwandani na mshahara unaonifikia mkononi ni shilingi 68,000. Kodi ya nyumba, 20,000, nalipa mimi. Tangu utotoni ndoto yangu ni kuizunguka dunia, na kwa miaka miwili sasa nimeweka 35,000 kila mwezi bila kukosa. Nina 500,000 kwenye Sacco ya kazini na 340,000 kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund). Mpango wangu ni kuchukua mkopo wa Sacco mara tatu ya akiba, niuze ploti yetu ya Joska (mnunuzi yupo na ameshanipa arubuni ya 100,000), niache kazi, kisha nisafiri mwaka mzima. Kwenye Sacco nimewadhamini wenzangu wawili lakini hilo si tatizo. Tatizo ni mke wangu. Nilipomweleza hakuuliza hata nitaenda nchi gani. Aliuliza tu, "Na ukirudi tutaanzia wapi?" Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya kuuza ploti, na mama yake anamuunga mkono. Yeye huuza nguo za watoto Mutindwa na hajawahi kutoka nje ya Kenya, ndiyo maana haelewi. Nifanyeje ili anielewe? – Msafiri, Umoja*

Mpwa wangu, hamu ya kutembea si dhambi. Na mtu anayeweza kuweka 35,000 kila mwezi kwa miaka miwili katika jiji hili, pamoja na michango ya harusi, matanga na hospitali inayoingia kwenye simu kila wiki, ana nidhamu. Heko kwa hilo. Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma nikitafuta unga, na sikuuona.

Hebu tuhesabu pamoja. Toa 35,000 kwenye mshahara, toa kodi 20,000, unabaki na 13,000. Ukishalipa nauli ya matatu ya kwenda kazini na kurudi, ukala chakula cha mchana na kununua salio la simu, hapo hakuna kitu. Sasa niambie, ni nani amenunua unga miaka miwili? Gesi, stima na maji je? Karo ya wa Gredi ya 4 na viatu vya wa chekechea? Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata katika nyumba hiyo ni mwanamke anayedamka gizani kwenda Gikomba kungoja marobota yafunguliwe, halafu anasimama Mutindwa hadi taa za barabarani ziwake. Kazi yake umeitaja mara moja tu, na umeitaja kwa kumdharau. Shilingi yako imelala kwenye Sacco kwa sababu ya kwake ilikuwa ikizunguka sokoni kuwalisha. Hiyo 840,000 unayoiona kuwa akiba yako ni akiba yenu, na sehemu yake kubwa ni jasho lake.

Tuje kwenye ploti. Umeandika "ploti yetu," kisha papo hapo umeandika "niuze." Ulimi wako umekiri kile ambacho moyo unakataa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema wazi kwamba mali ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mume na mke. Kwa hiyo usinidanganye kwamba unataka akuelewe. Unataka sahihi yake, na umemwandikia Shangazi ukitumaini nitakupa maneno matamu ya kumlainisha. Sina. Na arubuni umeipokea kwa kitu ambacho huna uwezo wa kukiuza peke yako. Pesa hizo ni za mtu mwingine, zitenge leo.

Kuhusu Sacco nimeshangaa, maana wewe ni mwanachama na haya unayajua kunishinda. Mkopo wa Sacco ya kazini hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Ukiacha kazi, mshahara haupo, basi utakatwa nini? Watakaokatwa ni wadhamini wako. Wewe utakuwa unapiga picha kando ya bahari ya watu, na mwenzako wa Kayole anashangaa kwa nini hati yake ya malipo mwezi huu ina tundu. Na hao wawili uliowadhamini, ambao umesema si tatizo, ndio wameifunga hiyo 500,000 yako. Huwezi kuitoa hadi wamalize madeni yao au wapate wadhamini wengine, na hata hapo mwanachama anayejiondoa huwekwa kwenye notisi, mara nyingi ya siku 60. Pesa unayoweza kuigusa kesho asubuhi ni ile 340,000 peke yake.

Unasema mkeo hakuuliza utaenda nchi gani. Je, ulimwambia? Maana hata mimi hukuniambia. Barua nzima haina jina la nchi hata moja zaidi ya Kenya. Mtu aliyepanga safari kweli huanza na nchi, kwa sababu nchi ndiyo inayoleta bei. Mwezi mmoja Uswisi unaweza kumeza pesa ya miezi kadhaa ya Vietnam. Tuchukue makadirio ya mtu asiyejipendelea, dola 50 kwa siku za kulala, kula na usafiri wa ndani. Kwa siku 365 hiyo ni dola 18,250 kabla ya tikiti za ndege, bima na viza. Dola ikiwa shilingi 129 unahitaji takriban milioni 2.35. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu 160, na kwa kiwango hicho safari ileile ingehitaji zaidi ya milioni 2.9. Nusu milioni na ushei inaweza kutoweka wewe ukiwa umekaa tu, kwa sababu unaweka akiba kwa shilingi na utatumia kwa dola. Ulilifikiria hilo?

Sasa nikuambie jambo ambalo hao vijana wa video za kwenye simu hawatakuambia, kwa sababu wengi wao wana pasipoti zinazofungua milango bila kubisha. Wewe una pasipoti ya Kenya. Ukiomba viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima yako lazima ifidie matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida unaomba katika nchi unayoishi. Maana yake huwezi kukusanya viza zote Nairobi ukaondoka nazo kama mzigo, na ukiwa katikati ya njia, ubalozi mwingi utakuambia urudi kwenu uombe huko.

Na unajua wanachotafuta kwenye makaratasi yako? Wanataka kujua kama utarudi. Wanaangalia barua ya mwajiri, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikiingia kidogo kidogo kwa miezi, hatimiliki ya shamba au ploti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Angalia mpango wako tena, mpwa wangu. Kazi unaiacha. Ploti unaiuza, na pesa yake itaingia benki kwa mkupuo, jambo ambalo afisa yeyote atalitilia shaka. Mke unafikiria kumwacha nyuma. Umepanga kuvichoma vyote vile ambavyo vingekufanya upewe viza! Huyo mwanamke unayemwona ni ukuta ndiye anayeshikilia mlango wazi.

Narudi kwenye swali lake. "Na ukirudi tutaanzia wapi?" Wewe umelisikia kama kejeli. Mimi nasema katika habari yote hii, hilo ndilo swali pekee la mtu aliyewahi kuendesha biashara. Pesa ya safari ni tatu. Kuna ya kwenda na kuzunguka, ambayo ndiyo pekee uliyoihesabu. Kuna ya nyumba uliyoiacha nyuma: kodi ya miezi kumi na miwili ni 240,000, na hapo hatujagusa karo wala homa ya mtoto usiku. Halafu kuna ya kurudi, ya kuishi miezi minne, mitano, hata zaidi ukitafuta kazi katika mji ambao wenye digrii wanazunguka na bahasha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi ni mtu wa pwani, na wazee wetu waliokwenda Arabuni kwa majahazi waliondoka na upepo wa kusi wakarudi na kaskazi. Walijua siku ya kuondoka na walijua upepo wa kurudi. Na mwanamume wa heshima hakupanda chomboni kabla ya kuiachia nyumba yake masurufu. Wewe masurufu uliyoacha ni yapi? Mama mkwe wako ameona binti yake akiachwa na watoto wawili na bila ploti, akasema hapana. Angekuwa binti yangu ningesema kwa sauti kubwa zaidi.

Na hili si lako peke yako, nyumba nyingi za mji huu zimekuwa hivi. Mume ana nambari yake ya siri, mke ana yake. Kila mmoja anajua mwezi ambao mwanachama mwenzake wa chama atapokea zamu, lakini hajui mtu anayelala ubavuni mwake analipwa kiasi gani. Mume anawaza Tokyo, mke anawaza karo ya Januari, na wote wako kwenye kochi moja wakitazama simu mbili. Kisha siku moja mmoja anatangaza ndoto yake kama mtu anayesoma hukumu, na mwenzake akiuliza swali anaitwa adui wa maendeleo. Ndoto isiyosemwa kwa miaka miwili, huku mwenzako anabeba mzigo wake bila kujua kwamba anaubeba, hiyo ni siri, na siri ya pesa huvunja ndoa haraka kuliko umaskini. Nimesoma barua nyingi za watu ambao hawana kitu na bado wanacheka pamoja. Wanaolia ni wale waliogundua.

Sikwambii uache kutembea. Tembea! Lakini dunia haiishi mwaka ujao, na hakuna sheria inayosema lazima uizunguke kwa mkupuo. Igawe. Kwanza usiache kazi. Mwombe mwajiri likizo bila malipo ya miezi miwili au mitatu, akupe kwa maandishi. Anza na upande ambao viza haitakutoa jasho. Uganda na Rwanda unaingia kwa kitambulisho. Tanzania na Zambia ni pasipoti tu. Afrika Kusini, tangu Januari 2023, Mkenya anaruhusiwa hadi siku 90 kwa mwaka bila viza. Kuna reli ya Tazara kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, iliyojengwa miaka ya 1970. Ratiba yake huyumba, uulizie kabla, lakini treni inapokwenda ni safari ambayo mtu anayependa kutembea hawezi kuijutia. Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya kuondoka na uweke cheti vizuri. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Kipande cha kwanza, Umoja hadi Dar, wachukue mkeo na watoto wakati wa likizo ya Desemba. Umesema hajawahi kutoka nje ya Kenya kana kwamba hilo ni kosa lake. Nani alikuwa anakaa na watoto?

Ile 340,000 iacheni ilipo iendelee kuzaa, na mkubaliane kiasi gani ni cha safari na kiasi gani hakiguswi hadi siku ya kurudi. Punguza hiyo 35,000. Weka 20,000, na hizo 15,000 zinunue unga. Safari itachelewa, ndiyo, ila mtu hasafiri vizuri akijua nyumbani kwake wamelala njaa. Usichukue mkopo wowote kwa ajili ya matembezi. Kwa upande wa Asia na Ulaya, utaufikia ukiwa na mihuri kadhaa kwenye pasipoti, kazi yako ipo na taarifa ya benki iliyonyooka, na hapo afisa wa ubalozi atakuwa na sababu ya kukuamini.

Kabla ya hayo yote, wiki hii umrudishie mnunuzi 100,000 yake na mwandikishane kwamba amepokea. Kisha Jumapili, watoto wakilala, mweleze mkeo kila kitu. Mwonyeshe taarifa ya Sacco, ya mfuko, na majina ya hao wawili uliowadhamini. Usimwombe sahihi yoyote siku hiyo. Muulize yeye angependa kuona wapi. Atakasirika, na ana haki, nawe utanyamaza usikilize. Mwajiri akikujibu kuhusu likizo niandikieni tena, nitawasaidia kupanga bajeti ya njia, ila hiyo barua nataka iwe na majina mawili chini yake.