Pima Mlango Kabla ya Kuchagua Picha

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia wiki hii. Wako wachoraji sita, wameazimwa vyumba viwili vya nyumba ya zamani kule Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa siku kumi, bango limeshazunguka WhatsApp, na swali lake ni moja tu: mada ya maonyesho iwe ipi? Nimemjibu kwamba mada ingoje. Kwanza aende na futi kamba.

Katika Mji wa Kale, nyumba ndiyo inayochagua picha. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Vyumba vingi havifiki upana wa mita 3, hata vikiwa na urefu wa mita 8 au zaidi. Mtazamaji naye, ili aione picha nzima, husimama mbali kiasi cha mara moja na nusu ya kipimo cha kona hadi kona. Picha ya sm 70 kwa 100 ina sm 122 kutoka kona hadi kona, kwa hiyo atasimama sm 183 kutoka ukutani. Mwachie mtu mwingine sm 60 za kupita mgongoni mwake, umeshafika sm 243. Chumba cha mita 2.7 kimekwisha hapo.

Ndiyo maana kanvasi ya mita mbili, hata iwe nzuri vipi, humo ndani huonekana vipande vipande. Na ndiyo maana usitundike kuta mbili ndefu zinazotazamana. Wageni watarudi nyuma waione picha hii huku mikoba yao inaisugua ile. Tundika ukuta mmoja. Upande wa pili ziachie kazi zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu: vinyago vidogo, vyungu, chochote kinachotazamwa kwa karibu. Zidaka zilijengwa kupokea vitu vizuri, na inaniuma kila ninapoziona zimezibwa kwa plaiwudi ili kupata "ukuta mweupe".

Kisha mlango. Mlango wa kuchonga una mbao mbili, na mfaa, ule mti wa katikati, umeshikana na ubao mmojawapo. Wenyeji wengi hufungua ubao mmoja tu, na komeo la ule wa pili huenda limeganda kwa kutu. Omba zifunguliwe zote mbili siku ya kwanza, siyo siku ya kuleta kazi. Pima uwazi, halafu nenda ukapime kona ya ngazi, kwa sababu kitu kilichopita mlangoni hukwama pale ngazi inapogeuka. Gari halifiki kwenye vichochoro vile, kwa hiyo hesabu mkokoteni. Picha zisafiri zikiwa zimesimama, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kadibodi katikati. Usiguse rangi ya akriliki kwa plastiki yenye viputo. Akriliki hulainika kwenye joto letu, na vile viputo huacha alama za duara zisizotoka. Shuka safi la pamba kwanza, plastiki juu yake.

Ukuta wenyewe sasa. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari ukiupiga, plasta hubomoka sahani nzima, na ukishika leo, kesho umelegea. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba peke yake haikupi haki ya kutoboa unavyotaka. Ulizia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kabla hujashika keekee. Njia nzuri zaidi ni kutotoboa kabisa. Pitisha bomba jembamba au ubao wa inchi mbili chini ya boriti, ufunge kwa kamba, kisha teremsha waya hadi kwenye picha. Wengi hutumia mshipi wa kuvulia kwa sababu hauonekani. Unafaa kwa kazi nyepesi, lakini una tabia mbili: fundo lake huteleza, na wenyewe hurefuka ukibeba uzito. Picha uliyoiacha sawasawa jioni, asubuhi imeshuka sentimita moja. Kwa kitu chenye kioo tumia waya wa chuma uliosokotwa. Kioo cha milimita 3 kina uzito wa kilo 7.5 kwa kila mita mraba, kwa hiyo fremu ya sm 70 kwa 100 ina kilo 5 na robo za kioo kabla hujahesabu mbao. Jaribu kila mshikio, pale waya unapobeba picha, kwa dumu la maji. Lita moja ni kilo moja, basi tundika mara mbili ya uzito wa picha, uache ulale usiku mzima.

Nyuma ya kila fremu, kona mbili za chini, gundisha vipande vya ndara kuukuu vyenye unene wa sentimita moja. Ukuta wa chokaa hupumua, na unyevu wa hewa ya Mombasa mara nyingi uko juu ya asilimia 70. Picha iliyolala moja kwa moja ukutani hushika ukungu mgongoni, na chumvi inayotoka kwenye mawe huacha unga mweupe kwenye mbao. Kile kipande cha ndara hupitisha upepo. Kazi za karatasi hunywa maji hewani zikatanuka. Ukiigundisha karatasi kona zote nne itajikunja mawimbi, kwa hiyo ishike ukingo wa juu tu, na uache milimita 3 kila upande ndani ya fremu. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa kileleni, mimi nisingeonyesha rangi za maji hata kwa kubembelezwa.

Urefu wa kutundika una hesabu, wala hauendi kwa jicho. Katikati ya kila picha iwe sm 150 kutoka sakafuni. Chukua 150, ongeza nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya wa mgongoni mwa fremu ukiwa umevutwa. Fremu ya sm 80 ambayo waya wake uko sm 6 chini ya ukingo: 150 na 40 ni 190, toa 6, mshikio uwe sm 184. Nafasi baina ya picha nazo ni hivi: urefu wa ukuta toa jumla ya upana wa picha, gawa kwa idadi ya picha ukiongeza moja. Ukuta wa mita 8 wenye picha saba za sm 70 unakuachia karibu sm 39 kila pengo. Ikitoka chini ya sm 20, ondoa picha. Msanii atanuna siku mbili, ni afadhali kuliko ukuta kupiga kelele siku kumi. Sakafu za nyumba hizi zimeinama, basi fuata pima maji, usipime kutoka chini kila mara.

Taa za LED za rangi ya joto, zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30. Taa ikiwa mita 2.8 juu na katikati ya picha mita 1.5, iweke kama sm 75 kutoka ukutani. Ikikaribia zaidi, fremu inatupa kivuli juu ya picha. Ikienda mbali, kioo kinamrudishia mtazamaji kichwa chake.

Lebo: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, bei. Kiswahili kwanza. Tepu ya gundi haishiki kwenye chokaa. Hushika ule unga wa juu, na kufikia adhuhuri lebo zote ziko chini. Zigundishe kwenye kadibodi, uzining'inize kwa uzi kutoka fremuni.

Na bei ziandikwe. Kuficha bei ni kuwafukuza watu wa mtaani, ambao ndio majirani wa picha hizo. Kabla kazi haijatoka kwa mchoraji, pawe na karatasi moja yenye sahihi mbili: orodha ya kazi, hali ya kila moja na picha zake za simu, bei, asilimia ya mratibu, nani analipa ikiharibika, na siku ya malipo. Galari nyingi duniani huchukua kati ya asilimia 30 na 50. Kwa chumba cha kuazima na siku kumi, zaidi ya 25 ni uroho. Kazi ya shilingi 40,000 itampa mchoraji 30,000, na zimfikie ndani ya siku 14. Kumtoza ada ya kushiriki halafu umkate tena kwenye mauzo si haki, na atakayekuambia ndivyo ulimwengu unavyokwenda, mwombe akuonyeshe hesabu zake. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, basi kwa kazi ghali kubalianeni mapema kuhusu benki.

Ufunguzi usigongane na sala. Magharibi Mombasa huangukia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kulingana na mwezi. Anza saa kumi na nusu baada ya alasiri, hotuba ziishe saa kumi na moja na nusu, au ngoja hadi baada ya isha. Mtu mmoja akae barazani muda wote, kwa sababu mama anayepita na kikapu hataingia mpaka aambiwe karibu, hakuna kiingilio.

Kazi iliyouzwa ipate kibandiko chekundu, mnunuzi alipe angalau nusu, na ibaki ukutani hadi siku ya mwisho. Siku ya kuteremsha, leta ile karatasi ya sahihi. Kagua kila kazi mbele ya mwenyewe, kona nne na mgongo, atie sahihi ya kupokea. Fungua bomba, kata kamba kwenye boriti, fagia unga wa chokaa, mrudishie mwenye nyumba ufunguo mkononi.