Kwa wadogo zangu mnaoanza namba nne na namba tano, mabeki wa kati

Kila mwaka sura mpya huja kwenye kiwanja chetu cha vumbi hapa Dodoma, na karibu wote wanataka kuwa winga au straika. Anayepelekwa nyuma hupelekwa kwa sababu ni mrefu, au kwa sababu mbele kumejaa. Mimi nilipelekwa hivyohivyo nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo alinipima urefu kwa macho, akasema, "Wewe kaa nyuma, mpira ukija butua." Nikabutua miaka tisa, mchangani, ndondo, hadi Daraja la Kwanza, mpaka goti likaniambia basi.

Kazi yenyewe nilianza kuielewa nikiwa tayari nafundisha, na aliyenifungua macho hata hachezi mpira wa miguu. Ni Mswidi, anaitwa Nicklas Lidström, aliyekuwa beki wa hoki ya barafuni, yaani magongo ya kwenye barafu. Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na Jumapili huja nyumbani kula ugali na mlenda. Siku moja alikuja na video za huyo bwana kwenye kompyuta yake. Nilicheka kwanza. Watu wamevaa viatu vya visu, wanateleza kwenye barafu, wanapigana vikumbo ukutani! Magongo nayajua kwa masimulizi ya wazee tu: Tanzania ilipeleka timu ya magongo ya nyasini kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, India ikatufunga 18 kwa bila. Basi kuhusu magongo huwa nakaa kimya.

Lakini nikatazama. Kiwanja chao cha ligi ya Marekani na Kanada kina urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, kimezungukwa na ukuta. Kila timu ina watu sita ndani, kipa akiwa mmoja wao, na mabeki ni wawili. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha gramu 170 hivi. Mshambuliaji anakuja kwa kasi kubwa, na beki anatakiwa kumpokea huku yeye mwenyewe anateleza kinyumenyume. Hebu fikiria. Akijitupa mapema, amepitwa, na barafuni huwezi kukanyaga breki ukageuka kama sisi kwenye udongo.

Sasa mtazame Lidström. Hajitupi. Anarudi nyuma kwa kasi ileile ya anayekuja, gongo lake ameliweka mbele chini, na kati yao kuna nafasi ndogo tu, kama urefu wa gongo hivi. Njia ya katikati ameifunga kwa mwili, kwa hiyo yule jamaa anasogea pembeni mwenyewe, anasogea, anasogea, hadi ukuta unamkaribia. Hapo ndipo gongo linanyooka na kisahani kinachukuliwa kama mtu anayeokota embe. Watazamaji hawapigi hata makofi, kwa sababu hawajaona kilichofanyika.

Wadogo zangu, hapo ndipo nataka mkae. Chenga inahitaji watu wawili: anayeipiga na anayejitupa. Usipojitupa, winga amebaki na mpira wake na wasiwasi wake. Sisi tulifundishwa kinyume, kwamba beki mzuri, kitasa, ni yule anayeteleza miguuni mwa mtu hadi jukwaa linasimama. Nilipata kadi nyekundu tatu kwa msimu mmoja nikijiona shujaa. Baadaye nikaja kusoma hesabu za Lidström: mechi 1,564 za ligi, na dakika zote alizowahi kutolewa nje kwa adhabu ni 514. Huko kosa la kawaida hukutoa dakika mbili, timu ikabaki pungufu. Piga hesabu utaona ni kosa moja la namna hiyo kwa kila mechi sita hivi. Beki! Kwa miaka ishirini!

Zoezi letu ni hili. Chora njia mbili za chaki au chokaa, upana wa hatua kumi. Winga aje na mpira, beki afunge mikono nyuma ya mgongo. Marufuku kugusa mpira. Kazi yako ni kurudi nyuma ukiwa umesimama ubavu, goti limekunjwa kidogo, umbali wa hatua mbili, ukimnyima upande wa katikati, hadi afike mwisho. Wengi mtashindwa wiki ya kwanza kwa sababu mguu unawasha, unataka kuutupa kwenye mpira. Acha uwashe. Wiki ya pili mnaruhusiwa kugusa, ila pale tu mpira unapomtoka winga hatua nzima. Na jicho likae kwenye mpira na kiuno chake, kwa sababu mabega na macho ya winga yamejaa uongo. Anayesimama kifua wazi, miguu sambamba, atapigwa tobo, na wenzake watamcheka mpaka tunafika stendi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo Mswidi hakulijua. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unabadilisha mpira mrefu. Unaukadiria kichwani, unapanda, unakuta umekupita au umefia mbele yako. Ukiwa unacheza dhidi ya upepo, kaa hatua tatu nyuma zaidi ya unavyodhani, na usiruhusu kudunda. Mpira ukidunda kwenye kiwanja kikavu chenye kokoto, wewe na straika mna bahati sawa tu, na mimi sipendi kulisha familia kwa bahati.

Halafu mwenzako. Mabeki wa barafuni hupangwa wawiliwawili, na wawili hao huweza kucheza pamoja msimu mzima hadi wanajuana kwa pumzi. Kisahani kikitupwa nyuma kwenye kona, anayekifuata hugeuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla hajakifikia, mwenzake anampigia kelele nani anakuja, na mara nyingi suluhisho ni pasi fupi ya kwenda kwa huyohuyo mwenzake upande wa pili. Sisi namba nne na namba tano tunakaa mita kumi, kimya kama waliogombania shamba. Semeni! "Mtu!" maana yake ana mtu mgongoni. "Muda!" maana yake atulie, ageuke. Maneno mawili tu, lakini nimemwondoa kijana kikosini kwa kutoyasema, na sikujuta. Na ukishapata huo muda, tafadhali, usibutue. Lidström alifunga mabao 264 na kutoa pasi za mabao 878 akiwa beki, maana mashambulizi yalianzia kwake.

Kuhusu pumzi nitasema kidogo. Wao hutoka na kuingia kila baada ya sekunde 45 hivi, sisi hatuna hiyo anasa. Basi chagueni mbio zenu. Beki anayepanda kila kona dakika ya kumi ndiye tunayemtafuta dakika ya themanini.

Sasa suala linalowaumiza wengi: kuchelewa kuonekana. Straika wa miaka kumi na minane akifunga mabao mawili Jumamosi, Jumatatu ana simu tatu. Beki hapigiwi simu. Lidström alichaguliwa na klabu ya Detroit Red Wings ya Marekani mwaka 1989 akiwa mtu wa 53 kwenye orodha ya vijana ambao klabu za ligi ile huwachagua kwa zamu, akabaki kwao Uswidi kukomaa, akavuka mwaka 1991. Tuzo ya beki bora wa ligi alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, akaja kuichukua mara ya kwanza mwaka 2001, ana miaka 31. Aliichukua mara saba. Ya mwisho alikuwa na miaka 41. Makombe ya Stanley, yaani ya ubingwa wa ligi ile, alibeba manne, na lile la 2008 alilibeba akiwa nahodha, wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa kimchezo Ulaya. Yote hayo kwa klabu moja. Ubeki unaiva polepole kama zabibu zetu, na anayechuma mapema anakunja uso.

Ila kuiva kunahitaji mwili uwepo. Nisikilizeni vizuri hapa. Yuko beki mwingine, Zdeno Chara wa Slovakia, mtu wa sentimita 206, aliyecheza hadi miaka 45. Mwaka 2019, kwenye fainali, kisahani kilimvunja taya, na mechi iliyofuata akaingia uwanjani. Vijana wanaipenda sana hadithi hiyo. Mimi naisimulia kwa hofu, kwa sababu yeye alikuwa na madaktari waliomfunga taya, wakamvalisha kinga ya uso mzima, wakakaa benchi wakimwangalia. Mimi goti lilipovimba, klabu yangu, ambayo sitaitaja, ilinipa barafu ya duka la samaki na dawa ya kuchua, nikaambiwa timu inanihitaji. Nikacheza mechi nne. Ya tano sikuinuka. Nilipouliza gharama za matibabu, nikaambiwa mkataba haukusema. Na kweli haukusema, kwa sababu niliusaini juu ya boneti ya gari bila kuusoma, nikiwa nimeshikilia bahasha ya pesa ya usajili kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiletewa karatasi usiku, iombe hadi asubuhi. Mpelekee mjomba, mwalimu, mtu yeyote anayesoma taratibu. Tafuta mahali panaposema nani analipa ukiumia, na mshahara unaendelea kwa muda gani ukiwa umelala. Kama hapapo, waambie waandike. Baki na nakala yako yenye sahihi zote. Kata bima hata kama klabu imeahidi bima. Na cheti cha shule au cha VETA kiendelee kutafutwa huku unacheza. Mimi nilijifunza umeme wa majumbani nikiwa na magongo ya kutembelea, na mafundi wenzangu walikuwa watoto wa miaka kumi na saba.

Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Njoo na maji yako, na kamba ya kufunga mikono nyuma.