Kabla hujanunua lenzi ya kutolea picha ya ukutani

Kijana mmoja wa Iringa ameniandikia: "Kaka, nina mashine ya kukuzia picha na lenzi ya milimita 50. Nataka kutoa picha ya jiwe la Gangilonga yenye kimo cha mita moja, nyeusi na nyeupe, kutoka kwenye negativu ya kamera ya kawaida. Ninunue lenzi gani?" Ujumbe umenikuta kwenye wiki nzuri. Picha yangu ya Ziwa Ngozi, sentimita 112 kila upande, imetoka chumba changu cha giza hapa Mbeya na sasa iko ukutani kwa aliyeiagiza. Kwa hiyo namjibu hapa, na wengine mnaotamani kazi hii msome.

Mdogo wangu, weka hela mfukoni kwanza, tupige hesabu. Negativu yako ina milimita 24 kwa 36. Kuufikisha ule upande wa milimita 24 mita moja ni kuukuza mara 42 hivi. Lenzi ya kukuzia haitengenezwi kwa kila ukubwa. Kiwandani waliipigia hesabu ya kiwango fulani. EL-Nikkor ya Nikon ya milimita 50, f/2.8 (namba ya f ni upana wa kitundu cha mwanga; ikiwa kubwa kitundu ni kidogo), hesabu yake ni mara 8, na eneo lake linaishia mara 20. Ukiisukuma mpaka 42 picha utaipata, lakini kona zitalegea na chembe za mkanda zitavimba. Kiwanda cha Rodenstock kilitoa lenzi ya Rodagon-G mahsusi kwa kukuza kupita kiasi, ila kuipata ni shida, na ukiipata ni ghali. Mimi ningekushauri ubadilishe negativu badala ya lenzi. Azima kamera ya mkanda wa 120, ule mpana kuliko wa kamera ya kawaida. Negativu ya mraba ina milimita 56, na mara 20 inakupa hizo sentimita 112 zangu. Rodagon, au Componon-S ya kiwanda cha Schneider, ya milimita 80 itaifanya kazi hiyo vizuri.

Angalia majina unaponunua lenzi za mtumba. Rogonar na Rodagon zinatoka kiwanda kimoja, lakini Rogonar ina vioo vitatu na Rodagon sita. Kwa Schneider, Componar ni vitatu, Comparon vinne, Componon sita. Muuzaji atakwambia zote ni za Ujerumani, na hajadanganya. Kwa picha ya kadi huoni tofauti. Kwa picha ya ukutani utaiona ukiwa mlangoni. Halafu mulika tochi ndani ya lenzi, uitazame kwa upande. Huku kwetu, hasa Tukuyu na Rungwe kwenye mvua, ukungu unaota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawataki kulisikia kwa sababu haliuzwi dukani. Unyoofu. Negativu, lenzi na karatasi lazima vitazamane sawasawa kabisa. Kwenye picha ndogo kosa dogo linajificha. Ukikuza mara 20, upande mmoja unakuwa mkali na mwingine umelala, na hapo ndipo mtu anakimbilia kununua lenzi nyingine.

Mimi napima kwa vioo viwili vya kujitazamia. Kimoja nakibandika ukutani pale karatasi itakapokaa. Cha pili nakikwangua rangi ya nyuma katikati, nipate kitundu kidogo cha kuchungulia, kisha nakilaza mahali pa negativu, uso ukielekea ukutani, lenzi ikiwa imetolewa. Nikichungulia naona kitundu kinajirudia ndani ya kioo, miduara ndani ya miduara. Ikikaa katikati yote, mashine imenyooka. Ikikimbilia pembeni, naweka kipande cha karatasi ngumu chini ya kichwa cha mashine upande unaohitaji, nachungulia tena. Halafu narudisha lenzi, nakishika kioo cha pili kwenye mdomo wake, napima upya. Inaweza kula jioni nzima. Usiipunguze jioni hiyo.

Kichwa cha mashine yangu kinalala, kwa hiyo natupa mwanga ukutani. Kwa lenzi ya 80 ukikuza mara 20, kutoka lenzi hadi karatasi ni mita 1.68. Ukutani nimepigilia ubao, juu yake bati la bapa, na karatasi ya roli inashikwa na sumaku. Fokasi naikagua katikati na kona zote nne, nikitazama chembe zenyewe, siyo picha.

Kitundu cha lenzi weka f/8. Wengi wanakibana mpaka f/16 wakidhani ndiyo ukali, kumbe kwenye ukubwa huu wanaua ukali wenyewe. Mwanga nao unapungua vibaya: picha iliyokuzwa mara 4 kwa sekunde 10 itataka karibu dakika 3 ukiifikisha mara 20, na karatasi kwa muda mrefu hivyo huwa inadai na nyongeza ya muda. Jaribu kwa vipande vya karatasi kwanza. Muda wote huo taa inaichemsha negativu na negativu inabinuka katikati ya kazi, kwa hiyo ibane kati ya vioo.

Dakika 3 Mbeya si mchezo. Malori ya Tunduma yanapita usiku kucha na sakafu inatetemeka. Nimeifunga mashine kwenye ukuta, na lori zito likija nafunika lenzi kwa kadi mpaka lipite. Umeme ukiyumba, mwanga unayumba, kwa hiyo stabilaiza ni lazima.

Baridi ya Juni na Julai ndiyo adui mwingine. Dawa ya kusafishia inataka nyuzi 20. Ikipoa sana picha inatoka ya kijivu, haina weusi. Chombo cha dawa kiweke ndani ya beseni la maji ya moto. Jiko la mkaa usiliingize chumba cha giza hata kama vidole vimekufa ganzi. Chumba kimezibwa, hewa haitoki, utakufa umekaa. Nalisema hili kwa uzito wote.

Kusafishia natumia mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu na kuzibwa ncha: moja la dawa ya kusafishia, moja la dawa ya kuizuia isiendelee, moja la fiksa, dawa inayoifanya picha isiharibiwe na mwanga. Karatasi naiviringisha na kuifungua ndani ya bomba, mbele na nyuma, bila kusimama. Ukisimama, inapata mistari.

Kuna mwenye hoteli mmoja, simtaji, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba picha kubwa ya maana haitoki Mbeya, akaagiza mabango ya plastiki kutoka mbali. Liliniuma na bado linaniuma, maana ukuta wa hoteli yake nilikuwa nimeshaupima. Vijana, msikubali mtu awaambie kazi nzuri ina mji wake. Ila msijibu kwa mdomo. Nyoosheni mashine, mkae na kazi usiku, mkatae kutoa picha ambayo kona yake moja imelala hata kama mteja hajaiona.

Na bei msilinganishe na bango. Mimi naanza na karatasi, dawa, umeme na usiku mzima wa kazi, ndipo naweka faida. Nusu ya malipo naipokea kabla sijakata roli.